Mwanapunda wa Pate: Minyoo, siha na malezi ya miaka miwili ya kwanza

MASHUA zitokazo Lamu hupita mkondo wa Mkanda maji yakijaa, kisha hufika Mtangawanda, gati ya kisiwa cha Pate. Hapo hushushwa magunia ya unga, mabati, saruji na vyombo vya nyumbani. Kwa karne nyingi, shehena hiyo ilikamilisha safari yake kuelekea mji wa Pate, Siyu na vijiji vya ndani juu ya mgongo wa punda. Pikipiki zimeingia kisiwani miaka ya karibuni, lakini hazijamwondoa mnyama huyo. Mawe ya ujenzi, mchanga, nazi, boriti za mikoko na madumu ya maji bado humsubiri yeye.

Nyuma ya punda jike aliyetwikwa shogi, aghalabu hufuata mtoto wake, miguu mirefu, masikio makubwa kuliko kichwa. Habebi kitu na hakuna anayemtazama. Makala haya yanamhusu huyo anayefuata nyuma.

Wazee husema samaki mkunje angali mbichi. Kwa mwanapunda, msemo huu ni wa tabia na wa mwili pia. Minyoo inayomshambulia katika mwaka wake wa kwanza humnyima damu, nyama na kimo wakati ule ule ambao mifupa yake inajengeka. Hasara hiyo haionekani siku hiyo. Huonekana miaka mitatu au minne baadaye, anapotwishwa mzigo wa kwanza na magoti yakatetemeka. Hapo mwenyewe hulalamika kwamba amepata mnyama mvivu, kumbe alimkosa angali mdogo.

THAMANI YA MNYAMA MMOJA

Punda ni mwenyeji wa kale wa Afrika. Utafiti wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanyama hawa walifugwa kwa mara ya kwanza Afrika Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita, kabla ya kusambaa Asia na Ulaya. Hata hivyo, kwao huku ndiko idadi yao ilikopungua kwa kasi. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8. Ile ya mwaka 2019 ilipata takriban milioni 1.2.

Chanzo kikubwa kilichotajwa ni biashara ya ngozi, ambazo huchemshwa nchini China kutengeneza ejiao, dawa ya jadi ya nchi hiyo. Kuanzia mwaka 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa sehemu mbalimbali nchini Kenya, na wizi wa punda ukazagaa vijijini. Februari 2020, aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji huo. Mei 2021 Mahakama Kuu iliitangua marufuku hiyo. Hatimaye Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa waliidhinisha kusitishwa kwa uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa muda wa miaka 15.

Maamuzi hayo hayazalishi punda. Jike hubeba mimba kwa muda wa miezi 12 hivi, wakati mwingine hadi 14, na huzaa mtoto mmoja. Mbuzi waliokufa kwa ukame huweza kurejea baada ya misimu michache. Kundi la punda huhitaji miaka mingi. Kwa familia ya Pate yenye jike mmoja, kumpoteza mwanapunda kwa minyoo ni kupoteza mtaji wa miaka minne au mitano ijayo.

SOMO LA LAMU

Visiwa vya Lamu vina historia ya pekee katika jambo hili. Katikati ya miaka ya 1980, Bi Elisabeth Svendsen wa Uingereza, ambaye mwaka 1969 alianzisha shirika la hisani la The Donkey Sanctuary, alifika Lamu na kukuta punda wengi wamedhoofika. Kiini cha udhaifu huo kilikuwa minyoo. Shirika lake lilifungua zahanati ya punda katika mji wa Lamu mwaka 1987, na kazi ya kuwapa punda dawa ya minyoo ikawa msingi wa shughuli zake kisiwani humo na katika visiwa jirani. Svendsen alifariki mwaka 2011.

Somo lililobaki ni kwamba punda aliyekonda si lazima awe na njaa. Huenda chakula anakila, lakini kuna wengine tumboni wanaokila kabla yake.

SIKU YA KWANZA

Kinga ya mwanapunda huanza saa chache baada ya kuzaliwa. Tofauti na mtoto wa binadamu, yeye hazaliwi na kinga ya kutosha kutoka kwa mamaye. Huipata katika dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo. Utumbo wake una uwezo wa kuifyonza kinga hiyo kwa muda mfupi tu, nao hupungua kila saa hadi kutoweka baada ya siku moja. Inampasa kusimama na kunyonya ndani ya saa mbili au tatu za kwanza. Zikipita saa sita hajanyonya, hilo ni jambo la dharura: mama akamuliwe, na mtoto anyweshwe dang'a hiyo kwa chupa safi taratibu, asije akapaliwa.

Kitovu kichovywe katika dawa ya iodini mara anapozaliwa, kwa kuwa ni mlango ulio wazi wa vijidudu kuingia katika damu na viungo. Mwanapunda mwenye goti lililovimba wiki chache baada ya kuzaliwa aghalabu amepata maradhi kupitia kitovu, wala si teke la mama kama inavyodhaniwa.

Kati ya siku ya saba na ya 14 wanapunda wengi huharisha kidogo. Maadamu ananyonya, anacheza na macho yake ni maangavu, hali hiyo huisha yenyewe. Akiacha kunyonya au akilegea, daktari wa mifugo aitwe siku hiyo hiyo.

MAADUI WALIO TUMBONI

Minyoo ya punda si aina moja, na kila aina ina umri inaoupenda.

Wa kwanza kufika ni minyoo myembamba kama uzi, ambayo mtoto huipata katika maziwa ya mama. Huweza kusababisha kuharisha katika wiki za mwanzo. Kinga ya mwili huidhibiti kadiri anavyokua.

Adui mkubwa wa mwanapunda ni minyoo mikubwa ya mviringo, myeupe, minene kama penseli na inayoweza kufikia urefu wa sentimita 30 au zaidi. Mtoto humeza mayai yake anapolamba ardhi, ukuta wa zizi au chuchu zilizochafuka. Mabuu hutoboa utumbo, hupita katika ini, huingia mapafuni, hukoholewa na kumezwa tena, kisha hukomaa katika utumbo mwembamba. Safari hiyo yote huchukua takriban miezi miwili na nusu hadi mitatu. Ndiyo maana mtoto wa miezi miwili huweza kukohoa kwa ajili ya minyoo ilhali kinyesi chake hakina hata yai moja. Mayai ya minyoo hii yana ganda gumu na hudumu ardhini kwa miaka. Zizi lililozaliwa watoto mwaka baada ya mwaka bila kusafishwa huwa ghala la ugonjwa.

Wa tatu ni minyoo midogo ya utumbo mpana, yenye wekundu, ambayo huwapata punda wa rika zote. Mayai yake huanguliwa katika kinyesi na mabuu hupanda majani yenye unyevu. Aina moja kubwa ya jamaa hii huharibu mishipa ya damu inayolisha matumbo, na mnyama huweza kufa kwa msokoto wa tumbo. Aina ndogo hujificha katika ukuta wa utumbo kwa miezi mingi, mahali ambapo dawa nyingi haziifikii.

Wapo pia minyoo bapa ya tegu, minyoo ya sehemu ya haja ambayo humfanya mnyama asugue mkia ukutani, na mabuu ya nzi wanaotaga mayai ya manjano kwenye manyoya ya miguu. Kadhalika kuna minyoo ya mapafu, ambayo punda huishi nayo bila dalili kubwa. Farasi wakilishwa pamoja naye huipata na kukohoa sana. Wenye farasi, iwe Ngong au katika fukwe za watalii, hawana budi kulikumbuka hilo. Mengine yote yaliyoelezwa hapa humhusu mtoto wa farasi vilevile, kwani minyoo ya wanyama hawa wawili ni takriban ile ile.

DALILI

Mwanapunda mwenye minyoo mingi huwa na tumbo kubwa lililoning'inia, ilhali mbavu na uti wa mgongo vinahesabika. Watu wengi huliona tumbo hilo wakasema ameshiba. Manyoya huwa makavu, yamesimama, na yale ya utotoni hayapukutiki kwa wakati. Ufizi hupauka. Hukohoa, hutokwa na makamasi, huharisha au hufunga choo. Hachezi. Mwenzake wa rika moja humpita kwa kimo.

Punda huficha maumivu. Farasi mwenye tumbo linalomkata hugaagaa na kutoa jasho, lakini punda huinamisha kichwa tu na kunyamaza. Mwanapunda aliyejitenga na mamaye, asiyenyonya wala kula, ni mgonjwa sana hata kama hajalala chini. Kipimajoto husaidia: kwa mnyama wa chini ya miaka miwili joto la kawaida ni kati ya nyuzi 36.6 na 38.9 za Selsiasi, na pumzi ni kati ya 16 na 48 kwa dakika akiwa ametulia kivulini.

DAWA: IPI, LINI, KIASI GANI

Utaratibu unaokubalika na madaktari wengi ni huu. Dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na umri wa miezi miwili hadi mitatu, nayo hulenga minyoo mikubwa ya mviringo. Dawa inayopendekezwa hapo ni ya jamii ya fenbendazole. Ya pili hutolewa karibu na wakati wa kumlikiza, yaani kumwachisha ziwa, kati ya miezi minne na sita. Hapo inafaa kinyesi kipimwe kwa hadubini ili ijulikane ni minyoo gani iliyobaki. Ya tatu huja katika mwezi wa tisa na ya nne akitimiza mwaka. Hizi mbili za mwisho hulenga zaidi minyoo midogo ya utumbo mpana, na ivermectin hutumika sana, wakati mwingine ikichanganywa na praziquantel kwa ajili ya tegu.

Kuna sababu ya kutoanza na ivermectin kwa mtoto mwenye tumbo kubwa. Kwanza, minyoo mikubwa ya mviringo imejenga usugu dhidi ya dawa hiyo katika nchi nyingi. Pili, dawa inayoipooza minyoo yote kwa pamoja huweza kuifanya ijikusanye na kuziba utumbo mwembamba. Mtoto aliyeelemewa hivyo atibiwe na daktari, si na duka.

Kiasi cha dawa hutokana na uzito. Ivermectin ya kunywa hutolewa miligramu 0.2 kwa kila kilo ya mnyama. Mwanapunda wa kilo 50 huhitaji miligramu 10. Punda mzima wa kilo 130 huhitaji miligramu 26. Bomba moja la dawa ya farasi aghalabu hutengenezwa kwa mnyama wa kilo 600. Anayemsukumia mtoto bomba zima humzidishia mara 12. Kwa upande mwingine, wapo wanaogawa bomba moja kwa punda kumi ili kuokoa fedha. Dozi pungufu haiui minyoo yote. Huua ile dhaifu na kuiacha ile sugu izaane. Uzito upimwe kwa utepe unaozungushwa kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha daktari au msaidizi wake asome jedwali la punda, si la ng'ombe wala farasi.

Punda wakubwa hawahitaji dozi nyingi kama watoto. Katika kundi lolote, wanyama wachache ndio wanaotoa sehemu kubwa ya mayai yanayochafua malisho. Kipimo cha kinyesi huwabaini hao, nao wakatibiwa. Kuwanywesha wote kila mwezi bila kupima ni kufuga minyoo sugu.

MAKOSA YANAYOUA

Dawa nyingi madukani ni za ng'ombe na mbuzi, na mwenye duka huuza alicho nacho. Mambo manne yaepukwe kabisa.

La kwanza ni kumdunga punda sindano ya ivermectin ya ng'ombe. Sindano hiyo imewahi kuleta uvimbe na maambukizi mabaya ya misuli kwa jamii ya farasi. Dawa ya kunywa ndiyo salama.

La pili ni levamisole, dawa ya kawaida ya minyoo ya mbuzi na kondoo. Kwa punda, tofauti kati ya kiasi kinachotibu na kinachodhuru ni ndogo mno.

La tatu ni kumwogesha punda kwa dawa ya kupe yenye amitraz, inayotumika katika majosho ya ng'ombe. Amitraz huzuia matumbo ya punda na farasi kufanya kazi, choo kikafunga, mnyama akafa kwa msokoto. Kupe waondolewe kwa dawa aliyoielekeza daktari.

La nne ni chakula cha ng'ombe au kuku kilichochanganywa na monensin. Kiungo hicho, kinachowafaa ng'ombe, huharibu moyo wa punda hata kwa kiasi kidogo.

ZIZI NA KINYESI

Dawa husafisha tumbo kwa wiki chache. Asiyesafisha zizi humrudishia mnyama minyoo ile ile. Reki na ndoo ni dawa ya minyoo isiyonunuliwa duka la dawa: kinyesi kikiokotwa walau mara mbili kwa wiki, mabuu hayapati nafasi ya kutoka na kupanda majani.

Hali ya hewa ya Pate husaidia nusu ya mwaka. Jua kali na ukavu wa kaskazi huua mabuu mengi yaliyo malishoni. Mvua za masika, ambazo Lamu huwa kubwa zaidi mwezi Mei, huyaamsha yaliyobaki, na nyasi changa zikajaa. Huo ndio msimu wa kuwa macho, na kwa mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa mwaka ndio pia umri wa hatari.

Kinyesi kilichookotwa kisimwagwe mbichi shambani wanakolishwa punda. Kirundikwe mbali na kisima, kifunikwe, kiachwe kioze kwa miezi kadhaa. Lundo likipata joto la ndani huua mabuu na mayai mengi, kisha mboji yake huenda kwenye minazi na mboga. Mahali anapozalia jike papigwe deki au pabadilishwe mchanga kabla ya kila uzazi, na chuchu zake zioshwe kwa maji safi.

CHAKULA NA MAJI

Minyoo humshinda mwenye njaa. Mwanapunda hunyonya hadi miezi sita, lakini huanza kutafuna majani katika wiki za kwanza akimwiga mamaye. Kwa hiyo mtoto hulishwa kwanza kupitia kwa mama. Jike anayenyonyesha akibebeshwa mawe kutwa nzima, maziwa hupungua, na mtoto anayefuata nyuma hutembea safari hizo zote huku akikosa kunyonya.

Punda ameumbwa kula chakula kikavu chenye nyuzinyuzi, kidogo kidogo, saa nyingi za siku. Nyasi kavu, mabua ya mahindi na majani makavu safi humtosha mzima asiyefanya kazi nzito. Mnyama anayekua huongezewa majani mabichi, majani ya kunde na pumba kidogo. Nafaka nyingi kwa mara moja huleta msokoto wa tumbo na maradhi ya kwato. Chakula chenye ukungu kitupwe, hata kama kimegharimu.

Maji safi ndiyo shida kuu ya visiwa hivi. Visima vingi vina chumvi, na majabia ya kuvunia mvua hukauka kabla ya msimu kurejea. Punda huvumilia kiu kuliko farasi, lakini kuvumilia si kutodhurika. Mtoto aliyeachishwa ziwa asipokunywa vya kutosha hufunga choo, na minyoo iliyokufa kwa dawa haitoki. Siku ya kupewa dawa, maji yawe tele.

Jambo jingine ni takataka. Punda wanaozurura majaani humeza mifuko na kamba za nailoni ambazo hukaa tumboni kama fundo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, lakini plastiki za aina nyingine bado zipo majaani. Mwanapunda huonja kila kitu. Afungiwe uani au achungwe.

KUPIMA SIHA KWA MKONO

Macho hudanganywa na manyoya na tumbo. Mkono haudanganyiki. Madaktari hutumia kipimo cha moja hadi tano: moja ni mifupa mitupu, tatu ndiyo hali bora, tano ni unene wa kupindukia. Pitisha vidole ubavuni. Mbavu zikihisika kwa kubonyeza kidogo bila kuonekana kwa macho, hiyo ni tatu. Zikionekana kutoka mbali na uti wa mgongo ukawa kama msumeno, hiyo ni moja. Gusa pia shingo, mabega na nyonga, maana punda huhifadhi mafuta mafungu mafungu.

Fanya hivyo siku ile ile ya kila mwezi, uandike alama na mzunguko wa kifua katika daftari. Mtoto ambaye kifua chake hakikuongezeka kwa miezi miwili ana tatizo, hata kama anaruka na kucheza. Daftari hilo ndilo daktari atakaloliomba kwanza.

Punda mnene naye ana hatari yake. Akiacha kula kwa siku mbili tatu, hasa jike mwenye mimba, mafuta ya mwilini humiminika katika damu na kuziharibu ini na figo. Kwa hiyo dawa ya minyoo isiambatane kamwe na kumnyima mnyama chakula, kama walivyofanya baadhi ya wafugaji wa zamani.

PEPOPUNDA, KWATO NA MENO

Kiswahili kiliuita ugonjwa wa tetanasi pepopunda. Jamii ya farasi na punda ni miongoni mwa viumbe wanaodhurika upesi zaidi kwa sumu ya vijidudu hivyo, ambavyo huishi katika udongo na samadi. Kidonda cha kamba, msumari kwatoni au kitovu kisichotibiwa hutosha. Chanjo ipo, nayo hutolewa kuanzia miezi minne hadi sita na kurudiwa kwa ratiba ya daktari. Kichaa cha mbwa nacho kina chanjo.

Kwato zianze kushikwa mapema. Mtoto aliyezoezwa kuinua mguu akiwa na mwezi mmoja hatampiga teke mkata kwato baadaye. Zipunguzwe kila wiki sita hadi kumi, kwa kuwa njia za mchanga haziziparuzi vya kutosha. Kwato ndefu hupinda mguu ambao bado unakua.

Meno nayo husema umri. Meno mawili ya mbele ya utotoni hubadilishwa akiwa na miaka miwili na nusu, yanayofuata miaka mitatu na nusu, ya pembeni miaka minne na nusu. Punda asiyetimiza miaka mitatu asitwikwe mzigo. Baada ya hapo aanze na soji tupu, kisha mzigo mwepesi, na uzito kamili usubiri kinywa kijae meno ya utu uzima.

NANI AITWE

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, huduma za mifugo ziko chini yake. Ofisi ya mifugo ya kaunti ndiyo mahali pa kwanza pa kuuliza. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2011, wanaotibu wanyama lazima wawe madaktari au wasaidizi waliosajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Mwenye punda ana haki ya kuomba kuona cheti. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, nayo inamkataza mtu kumfanyisha kazi mnyama asiyeiweza kwa sababu ya ugonjwa, kidonda au umri.

Gharama ya kumleta daktari kisiwani si ndogo, maana nauli ya mashua nayo huhesabiwa. Wenye punda wa mtaa mmoja wakipanga siku moja, wakawakusanya watoto wote na kinyesi cha kila mmoja katika mfuko wenye jina, safari moja hutosha kijiji kizima. Dozi nne za mwaka wa kwanza, utepe wa kupimia na reki ni matumizi ya mara moja moja. Punda mzima wa kununua ni gharama ya kukopa.

Asante ya punda, watu husema, ni mateke. Lakini anayemtazama punda wa Pate akipanda kutoka Mtangawanda jua la saa saba, mawe pande zote mbili za mgongo, atajiuliza ni nani kati ya wawili hao aliyewahi kumpiga mwenzake teke la kwanza. Kama ni shukrani, basi ianze kwa yule mdogo anayefuata nyuma, kabla hajatwikwa chochote.